Busia, Malaba au Tororo: reti za nyumba zinauma wapi?

Huku mpakani mwa Uganda na Kenya mtu akipata hela kidogo wazo la kwanza ni ploti, la pili ni kujenga rumu za kupangisha, halafu linakuja swali lile lile, nijenge wapi ambapo kaunsili ya mji haitaninyonya kwa reti, ile kodi ya majengo ya kila mwaka? Busia, Malaba, ama nirudi nyuma kidogo Tororo? Na watu wanataka wajibiwe kwa pasenti. Huyu anasema kule wanachukua nane, yule anasema aa wapi, kule ni tano, wanabishana hapo kibandani kama mashabiki wa Arsenal na Man U, mwisho jamaa anaenda kulipia ploti kwa sababu ya namba moja ambayo peke yake haimwambii kitu.

Mi nasema hivi na nitarudia mpaka mchoke: usianze na pasenti. Anza kuuliza orodha ya valuesheni ya huo mji, yaani kile kitabu cha makadirio ya thamani ya nyumba, ni ya mwaka gani.

Sheria yenyewe ni moja kwa Uganda nzima, ile sheria ya reti ya serikali za mitaa ya 2005 iliyoondoa dikri ya zamani ya 1979. Inavyofanya kazi ni kwamba mthamini anakuja anaangalia nyumba yako, anakadiria ingeweza kuingiza pango kiasi gani kwa mwaka mzima, anatoa gharama za ripea na mambo kama hayo, kinachobaki ndo thamani ya reti. Sasa kaunsili ndo inachagua itachukua pasenti ngapi ya hiyo thamani, na sheria imeweka kikomo cha 12. Kampala wako kwa 6. Miji mingine kila mmoja na kikao chake cha bajeti, wanaweza kupandisha wanaweza kushusha, kwa hiyo hapa sitataja pasenti ya mji wowote wa huku kwetu, nenda ofisi ya mapato ya mji wenyewe uulize ya mwaka huu, ukienda na ya mwaka jana utaumia bure.

Ona neno "pango" hapo juu. Yaani hesabu yote imesimama kwa pango, na pango ni kitu kinachokimbia. Rumu moja ya Busia miaka ya nyuma na rumu hiyo hiyo leo bei zake hazijuani kabisa.

Chukua mfano wa kubuni tu. Una rumu nne, kila moja 75,000 kwa mwezi. Hiyo ni 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Tuseme baada ya kutoa gharama imebaki thamani ya 2,800,000. Mji wa kwanza valuesheni yake ni mpya na unachukua pasenti 6, kwa hiyo unalipa 168,000. Sasa mji wa pili, jirani tu hapo, rumu nne za aina hiyo hiyo, lakini orodha yao ni ya zamani, wakati ule rumu ilikuwa inaenda kwa 30,000. Pango la mwaka kwenye kitabu chao ni 1,440,000, wakitoa gharama tuseme inabaki 1,100,000. Huu mji unachukua pasenti 10. Watu wa kibandani wakisikia 10 wanakimbia wanasema hapo ni wezi. Lakini piga hesabu, ni 110,000. Hata wakienda mpaka kikomo cha 12 bado ni 132,000, bado hawajaufikia ule mji wa pasenti 6.

Kwa hiyo mji wa pasenti 10 ni rahisi kuliko mji wa pasenti 6. Kwa sasa. Hiyo "kwa sasa" ndo watu hawaisikii.

Kwa sababu sheria inataka valuesheni irudiwe kila miaka mitano, na siku huo mji wa pili utakapoamka na kuleta mthamini, thamani yako inaruka kutoka 1,100,000 hadi 2,800,000, na kama madiwani hawajashusha ile 10 unaletewa bili ya 280,000. Wewe bado unakumbuka 110,000. Hapo ndo unaona landilodi anapiga kelele redioni, anasema kaunsili imepandisha reti, na taun klaki, mtendaji mkuu wa mji, naye anajibu sisi hatujapandisha pasenti hata moja, na wote wawili wanasema ukweli.

Mkidhani ni ushamba wa miji midogo, hata Kampala orodha ya 2005 ilitumika zaidi ya miaka kumi kabla KCCA, mamlaka ya jiji, haijafanya nyingine, na zilipotoka thamani mpya watu wa mjini kati walilia kweli kweli.

Kwani kwa nini miji inaacha orodha inazeeka wakati sheria imesema miaka mitano? Kwanza valuesheni ni ghali, wathamini wenye leseni ni wachache na wanataka pesa yao, mji mdogo ukiangalia makusanyo ya reti na gharama ya kuthamini mji mzima unaona bora tuendelee na kitabu cha zamani. Pili, na hii hawatakwambia ofisini, diwani ni mtu wa kura. Wenye nyumba za kupangisha ndo watu wenye maneno mjini, wengine ni madiwani wenyewe, sasa nani atainua mkono kwenye kikao aseme naomba tuthamini upya nyumba zetu? Ikifika karibu na mwaka wa kura ndo sahau kabisa.

Halafu kuna suala la nani analipa. Nyumba unayoishi mwenyewe haitozwi reti. Hiyo ni kwa sheria, mji wowote, iwe jumba ama kibanda, ukiwa unaishi na haufanyii biashara umepona. Ploti tupu nayo imepona, kwa sababu sheria yetu inatoza jengo, haitozi ardhi isiyo na kitu. Sasa weka hizo mbili pamoja uone kinachotokea kwenye mji mdogo. Mji wa Kampala una maofisi, mahoteli, maghorofa ya maduka, ukiondoa nyumba za wenyewe bado kuna kitu cha kutoza. Mji kama Malaba una barabara moja ya malori, malojing, maduka, magodauni, halafu ukiingia ndani mita chache tu ni nyumba za watu wanaoishi wenyewe na ploti zimefungwa waya zinasubiri bei ipande. Maana yake mzigo wote unawaangukia wachache waliojenga cha kupangisha.

Na hao wachache nao wana akili. Landilodi anakaa rumu moja ya nyuma, zingine sita amepangisha, mthamini akija anaambiwa hii ni nyumba ya familia, hao mnaoona ni wajukuu na shangazi. Wapangaji wameshafundishwa. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anajua, majirani wanajua, kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Mi siwalaumu sana lakini ujue kwamba kila rumu inayojificha hivyo ndo inafanya kaunsili ikazane na yule ambaye hawezi kujificha, mwenye duka la barabarani lenye bango kubwa.

Sasa tuvuke mpaka kidogo, kwa sababu huwezi kuzungumza habari ya Busia ukaishia upande mmoja. Shemeji yangu ana ploti Busia ya upande wa Kenya, na kila tukikutana lazima tubishane nani anaonewa na serikali yake.

"Shem, nyinyi mnatozwa hata matofali," ananiambia.

"Na nyie mnatozwa hata nyasi," namjibu.

Na kwa kweli kila mmoja yuko sawa. Kenya wao kwa kawaida wanatoza thamani ya ardhi yenyewe, bila kuhesabu jengo. Ukijenga ghorofa, ukijenga kibanda, ukiacha majani yaote, reti ya ploti ni ile ile. Kwa hiyo shemeji ana ploti tupu na anadaiwa, mimi ningekuwa na ploti tupu upande huu nisingedaiwa chochote. Lakini siku akimaliza kujenga rumu zake ishirini reti ya kaunti haipandi kwa sababu ya rumu, wakati upande huu kila rumu unayoongeza ni mstari mwingine kwenye bili. Ukiwaza vizuri Kenya wanakuadhibu kwa kulala na ardhi, sisi tunakuadhibu kwa kujenga.

Tofauti ya pili ni nani anapanga. Kwao katiba ya 2010 iliipa kaunti nguvu ya kutoza reti, kwa hiyo Busia ya Kenya na Malaba ya Kenya zote ziko chini ya kaunti moja, kaunti ya Busia, bunge moja la kaunti ndo linaamua. Upande wetu Busia ni manispaa na iko wilaya ya Busia, Malaba ni taun kaunsili na iko wilaya ya Tororo, Tororo mjini nayo ni manispaa kivyake. Vikao vitatu, bajeti tatu, orodha tatu za miaka tofauti, na ni miji ambayo mtu wa boda anaizunguka yote kabla ya chakula cha mchana. Ndo maana mtu akikwambia "reti za huku kwetu" muulize kwetu gani.

Shemeji ana lalamiko lingine, ati kaunti zinapenda kungoja madeni yajae halafu zinatangaza msamaha wa riba ili watu waje kulipa, kwa hiyo yeye anayelipa mapema anajiona mjinga. Hapo sikuwa na la kumjibu, nilimwongezea chai.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanaotafuta ploti wanalisahau kabisa, mipaka ya mji. Unanunua shamba nje kidogo ya mji, sabkaunti, hakuna mtu wa reti anayefika huko, bei nzuri, unafurahi. Baadaye serikali inapandisha mji cheo. Waulize watu wa Mbale. Mbale ilipofanywa jiji Julai 2020, pamoja na kina Jinja na Mbarara, ilimeza sabkaunti za pembeni, mtu aliyelala kijijini na migomba yake akaamka mkazi wa jiji. Nyumba anayoishi haitozwi, sawa, lakini zile rumu mbili alizojenga kwa ajili ya walimu wa shule ya jirani sasa ziko ndani ya ramani. Kila mji wa huku unaomba kupanda cheo, taun bodi inataka kuwa taun kaunsili, taun kaunsili inataka manispaa, wanasiasa wanaahidi kwenye kila mkutano na watu wanapiga vigelegele, sijawahi kusikia mwenye nyumba anauliza jukwaani hapo hapo, na reti je?

Basi hiyo pesa ikilipwa inaenda wapi? Sheria inasema angalau asilimia 75 ya makusanyo ya reti irudi kwa huduma za hao hao wanaolipa: barabara, mitaro, taa za mtaani, takataka. Asilimia 75! Ungedhani mtu anayelipa reti anaishi kwenye lami. Ukweli ni kwamba makusanyo yenyewe ni madogo, na robo tatu ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Barabara nzuri za ndani ya Tororo mnazoziona zilikuja na mradi wa USMID, ule wa pesa ya Benki ya Dunia ulioanza 2013 na manispaa 14, Tororo ikiwa mojawapo. Busia iliingia baadaye na kundi la pili la manispaa nane. Malaba ni taun kaunsili kwa hiyo mradi wa manispaa haukuwahusu, na malori yote yale yanapita kwao. Kwa hiyo mtu akikwambia Tororo reti zao zinafanya kazi angalia barabara, mwambie hiyo ni mkopo wa taifa zima, hata bibi yako wa Karamoja analipa.

Haya ya kutegemea mkopo na pesa ya Kampala yana historia yake. Zamani serikali za mitaa zilikuwa na ule ushuru wa kichwa, wenye umri wanakumbuka, askari wa sabkaunti wanakuja alfajiri na wanaume wanatokea dirishani wanaingia migombani. Ulisimamishwa 2005, kura zikiwa karibu, nchi nzima ikashangilia. Pengo likaja kuzibwa 2008 na ushuru wa huduma za mitaa, ambao hata mwenye mshahara mnono kikomo chake ni 100,000 kwa mwaka, na ushuru wa malojing ambao mgeni analipa kwa kila chumba kwa kila usiku. Ule wa malojing una maana sana huku mpakani ambako madereva wanalala. Lakini havikuziba. Ndo sababu reti inaangaliwa kwa jicho la njaa, ndo chanzo ambacho hakikimbii, jengo haliwezi kuruka dirishani.

Sasa kosa kubwa la wenye nyumba wengi, wanachanganya reti na kodi ya pango ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ni vitu viwili. Reti ni ya kaunsili. Kodi ya pango ni ya serikali kuu, mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka. Turudi kwa zile rumu nne za 3,600,000: kinachozidi ni 780,000, asilimia 12 yake ni 93,600. Hiyo ni juu ya reti, siyo badala yake. Mtu analipa URA anakaa anajiona amemaliza, kesho anakuja kijana wa kaunsili na bili anamfukuza na fimbo akisema mimi nimeshalipa kodi! Ile namba 12 kutokea pande zote mbili nayo imewachanganya watu vibaya, moja ni kikomo tu cha kaunsili na nyingine ndo kiwango chenyewe cha URA. Lakini ukiniuliza mimi, huyo mzee na fimbo yake ana hoja. Pango ni moja, na linatozwa na watu wawili wasiosalimiana.

Na bado hujahesabu leseni ya biashara ya mwenye duka, ambayo inaenda kwa daraja la mji, wala pango la ardhi kama una lisi, yaani mkataba wa kukodi ardhi, ya bodi ya ardhi ya wilaya. Kwenye miji midogo kama yetu mwenye kiduka mara nyingi anaumizwa zaidi na leseni kuliko reti.

Tanzania wao walichoka na haya mambo ya bili wakaamua kukata kodi ya majengo kwenye umeme. Tangu 2021, ukinunua umeme wa LUKU inakatwa hapo hapo, ilianza 1,000 yao kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hakuna valuesheni, hakuna kuficha wapangaji, hakuna fimbo. Nilipomwambia binamu yangu wa Tororo alisema tufanye hivyo na Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Nikamuuliza, kwa rumu zako mita ni ya nani? Akanyamaza kidogo akacheka. Mita anaijaza mpangaji. Watanzania wenyewe walilalamika hivyo hivyo, kwamba kodi ya mwenye nyumba inalipwa na anayepanga. Ingawa tuseme ukweli, hata kwa mfumo wetu reti ikipanda landilodi anaongeza elfu tano kwa kila mlango na mpangaji ndo analipa, tofauti ni kwamba hapa haonyeshwi.

Kwa hiyo nijenge wapi, mnauliza tena. Ukiwa na macho ya karibu utachagua mji wenye orodha ya zamani, utakula raha ya bili ndogo miaka miwili mitatu. Mi ningejenga kwenye mji ambao umethamini juzi, hata kama bili inauma, kwa sababu hiyo namba ninaijua na nitaiweka kwenye hesabu ya pango kabla sijamwaga msingi. Bili inayoniogopesha ni ile ambayo bado haijaandikwa.

Na kama tayari umejenga na mji wako umetangaza orodha mpya, usikae nyumbani ukitukana. Orodha inawekwa wazi watu waione, na una siku 30 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Kuna korti ya valuesheni kwa kazi hiyo tu, siyo polisi, siyo RDC yule mwakilishi wa rais wilayani. Nenda na makubaliano ya wapangaji na risiti za pango, kama mthamini ameandika rumu yako ni ya 100,000 na wewe unapangisha 70,000, karatasi ndo itakuongelea, kelele haitakusaidia. Shida ni kwamba wenye nyumba wengi huku hawaandikiani kitu na wapangaji, makusudi, ili URA wasione. Halafu siku ya korti wanataka kuonyesha pango ni dogo na hawana hata kipande cha karatasi cha kushika mkononi.

Jambo moja tu ningewaiba Wakenya ni lile la ploti tupu. Pale katikati ya miji yetu kuna ploti nimezijua tangu niko shule ya msingi, nyasi, mbuzi, kibao cha "hapauzwi", mwenyewe yuko Kampala, mtaro wa kaunsili unapita mbele yake, taa ya mtaani inamulika nyasi zake, na hajawahi kulipa hata shilingi moja ya reti, wakati mama aliyejenga rumu tatu kwa pesa ya kuuza samaki wa Majanji ameandikwa kwenye orodha kuanzia ukurasa wa kwanza.